Kila Mtu na Safu Yake

Kutengeneza orodha katika FileMaker, programu ya hifadhidata, si kazi ya kutoa jasho. Fundi anachora mstari mmoja, programu inaurudia kwa kila rekodi. Asipopunguza kimo cha mstari huo, mteja mmoja anajaza skrini nzima kama bango la uchaguzi.

Anapanga jina, tarehe na kiasi. Safi kabisa. Ndipo wenye ofisi wanapoingia: mhasibu anataka namba ya risiti, mtu wa stoo anataka picha ya kila bidhaa, misumari ikiwemo, na bosi anataka wadaiwa wote waandikwe kwa rangi nyekundu (isipokuwa shemeji yake). Safu zikishazidi upana wa skrini, mhasibu huhamishia kila kitu Excel.

Uhondo wenyewe uko kwenye jumla ndogo, yaani jumla ya kila kundi la rekodi. Tangu toleo la 10, la mwaka 2009, zinaonekana papo hapo hata mtu akiwa anaingiza data, ila kwa sharti: rekodi zipangwe kwa safu ile ile inayogawa makundi hayo. Bosi akizipanga kwa namna nyingine, zinatoweka. Naye, badala ya kuzipanga upya, anampigia fundi simu usiku kuuliza nani kazila.