Sifa za Mashine Isiyokinai

Watu husifu magari, husifu simu, hata friji nimesikia ikisifiwa. Mashine ya kufulia iliyogoma kuacha kujaza maji haijapata wa kuisemea. Hiyo hutukanwa tu: imepata wazimu, imetiwa mkono na wabaya, tuliuziwa mbuzi kwenye gunia. Naomba leo niisimamie, maana kesi yake imesikilizwa upande mmoja.

Tuanze na ukarimu wake. Mkazi wa Dar es Salaam anajua maji ni kitu gani. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, hata watu waungwana kabisa walikuwa na mkono wa birika, na hakuna aliyewalaumu. Mashine ninayoisifu haina tabia hiyo. Bomba likiwa na nguvu, inaweza kupitisha lita kumi hivi kwa dakika, na simtanki la lita 1,000 likakauka kabla ya saa mbili kutimia. Mashine ya kufungulia mbele yenye akili timamu humaliza kufua na kusuuza kwa lita 50 hivi, kisha inazima na kujiona imefanya kazi. Huo ni ubahili. Yetu inatoa mpaka koridoni, mpaka chini ya zulia la sebuleni, na kwa wanaoishi ghorofani inamgawia hata jirani wa chini kupitia dari yake. Wapo watu waliokaa jengo moja miaka bila kujuana majina, wakajuana siku hiyo, tena kwa sauti.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni wazi hawakuwahi kushika dekio saa tano za usiku.

Lakini ukarimu ni sifa ya juujuu. Kinachonivutia zaidi ni utii wake. Mashine ya kufulia haina macho; haijui maji yamefika wapi. Chini ya dramu kuna kichumba kidogo cha hewa, na kutoka hapo mpira mwembamba, mwembamba kuliko kidole cha mwisho, unapanda hadi kwenye swichi ya presha iliyo karibu na kifuniko cha juu. Maji yakipanda kwenye dramu, hewa iliyonaswa ndani ya mpira inabanwa, inasukuma swichi, swichi inalia “tak”, na vali ya kuingizia maji inaamriwa ifunge. (Mashine mpya zina kihisio cha kielektroniki kisicholia, lakini nacho kinategemea hewa ileile.) Habari zote za maji, basi, zinaifikia kwa njia ya pumzi. Mpira ukichomoka, ukipasuka, au ukizibwa na uteute wa sabuni na nyuzi za nguo, pumzi haifiki. Mashine inaamini kwa moyo mweupe kwamba ni tupu. Uliiagiza ijae, na inajaza. Wewe unaona mafuriko. Yenyewe inaona bado haijaanza. Nitajieni mfanyakazi mwingine anayeshika maagizo kiasi hicho bila kuuliza posho.

Adui mkubwa wa utii huu ni neno “bodi”. Fundi wa haraka akiingia ndani na kukuta maji, hulitamka kabla hajavua viatu, na bei hutajwa kabla kifuniko hakijafunguliwa. Sisemi bodi haifi. Inakufa, na ikifa vibaya inaweza kuishikilia vali wazi muda wote mashine ikiwa na umeme. Ila kuanza na bodi kabla ya mpira ni kuidhulumu mashine na mfuko wako kwa pamoja. Mpira huo huchomolewa kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, hutazamwa kwenye mwanga, huoshwa, na hupulizwa taratibu kwa mdomo. Swichi ya kizamani ikiwa hai, utaisikia ikilia. Ukipuliza kwa ghadhabu utaitoboa, na hapo kosa litakuwa lako, si la marehemu.

Mashine hii pia haifichi siri. Ukitaka kujua ugonjwa wake, swali ni moja tu: izime umeme wakati inajaza, kisha tega sikio. Kama sakafu imeshalowa, usiiguse plagi. Zima kwenye swichi kubwa ya nyumba. Maji yakikatika pale pale, vali ni nzima, ilikuwa inaamriwa ifunguke, na mwenye makosa ni mpira, swichi au hiyo bodi yenu. Maji yakiendelea kuingia wakati umeme haupo, vali yenyewe imekwama, na hakuna cha kubishana. Funga koki ya ukutani. Ndipo familia nzima itakapojua koki iko wapi, na kwamba imeshika kutu tangu siku nyumba ilipopakwa rangi.

Vali nayo inastahili aya yake, kwa sababu ina ujanja ambao sijauona kwingineko nyumbani. Watu hudhani umeme ndio unaoufunga mlango wa maji. Umeme hufungua tu. Kinachofunga ni maji yenyewe: ndani kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo ubavuni, maji hupita kwenye tundu hilo, hujikusanya nyuma ya kiwambo na kukikandamiza mpaka njia izibe. Koili ikipata umeme, kipini kinanyanyuka, maji ya nyuma yanatoroka, kiwambo kinafunguka. Sasa mwaga ndani yake maji ya kisima cha mtaani, yenye chumvi na mchanga laini. Chembe moja ikikaa kwenye tundu lile, maji ya nyuma hayajikusanyi, na mlango haufungiki. Mchanga ambao ungedondoka kwenye beseni na kusahaulika, hapa umepewa madaraka ya kuendesha nyumba. Kile kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye mdomo wa kuingizia maji kiliwekwa kwa ajili ya mchanga huo, na katika nyumba nyingi hakijawahi kuonana na mswaki.

Na kwa kuwa maji ndiyo yanayofunga, maji yasiyo na nguvu hufunga kwa uvivu. Kila mita kumi za kimo hutoa takriban bar 1. Simtanki lililokaa mita tatu juu ya bomba linatoa bar 0.3, na wapo watengenezaji wanaodai bar 1 nzima kabla ya kuahidi chochote. Ndiyo maana asubuhi unaweza kukuta dramu ina maji wakati mashine ilizimwa tangu jana: vali haikufunga sawasawa, na haba na haba imejaza kibaba usiku kucha. Mwingine angeita hitilafu. Mimi naita kazi ya ziada isiyodai malipo.

Ipo aina moja ya kujaza bila kikomo ambayo siwezi kuisifu mashine kwa ajili yake, kwa sababu sifa hiyo ni ya mwenye nyumba. Maji yanaingia, sakafu ni kavu, hakuna kinachofurika, na bado mashine inavuta maji saa nzima bila kuanza kuzungusha nguo, huku mita ya maji ikikimbia. Hapo tazama mpira wa kutolea maji. Katika bafu zetu hutupwa sakafuni karibu na tundu la maji machafu, kwa kuwa ndiko yanakokwenda. Mdomo wake ukiwa chini kuliko maji ya kwenye dramu, yanayoingia juu yanatoroka chini, na mashine haitajaa hata ukiiunganisha na Ruvu yenyewe. Baadhi ya mashine za kufungulia juu zimeundwa kumwaga maji sakafuni, na kitabu chake kitasema hivyo. Zenye pampu, hasa za kufungulia mbele, kwa kawaida hutaka mdomo wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni.

Kwa hiyo wewe unayesoma huku mashine ikinguruma bafuni, kabla hujampigia fundi, nenda kautazame mpira huo. Kama umelala chini, unyanyue, ufunge ukutani kwa kamba yoyote uliyonayo, na usiuchomeke ndani sana ya bomba la maji machafu. Na ukimaliza kufua, funga koki.