Barua ya Wazi kwa Kamati ya Viwango vya Programu

YAH: OMBI LA KUKAMILISHA NGAZI 32 ZA FANKSHENI

Waheshimiwa Wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kuwapongeza kwa mwongozo wenu unaotaka kila hesabu, hata ya kujumlisha mbili na mbili, ipewe fanksheni yake. Matunda tunayaona kwenye ripoti ya ankara za mwezi. Kila mstari unaita fn_Kodi. fn_Kodi haijui kiwango, inaita fn_Kiwango. fn_Kiwango haijui tarehe, inaita fn_MwakaWaFedha. Kwa ripoti ya mistari 400,000, fanksheni zinaitwa mara 1,200,000, na jedwali la kodi linaulizwa kiwango cha VAT mara 400,000. Kila mara linajibu: asilimia 18. Uvumilivu huo hata masijala haupo.

Wapo wachokozi wanaodai kwamba SQL Server ikikutana na fanksheni za namna hii haigawi tena kazi. Ni kweli. Kwenye seva yenye kori 16, moja inatoka jasho na 15 ziko benchi. Hiyo ni akiba. Tena mpango wa utekelezaji hauonyeshi yanayotendeka ndani ya fanksheni; gharama yake inasomeka karibu na sifuri. Ni matumizi gani mengine ya ofisi yenye hesabu safi hivyo?

Toleo la 2019 lilitutia hofu, maana lilianza kufumua fanksheni na kuziingiza ndani ya kwiri yenyewe. Bahati nzuri fn_MwakaWaFedha inatumia GETDATE(), na fanksheni yenye GETDATE() haifumuliwi. Mila imenusurika.

Kasoro ni moja. SQL Server inaruhusu kuitana hadi ngazi 32, nasi hata tano hatujafika. Naomba zilizobaki zitumike kabla ya Juni 30, zisije zikarudishwa Hazina.

Aidha, naomba kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo apewe onyo la maandishi. Ameunganisha jedwali la viwango na la ankara kwa JOIN moja, ripoti ikamalizika kabla sijavuta kiti. Mtindo huu ukiachiwa, bajeti ya seva mpya tutaiombea kwa sababu gani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msimamizi wa Hifadhidata

Nakala:
Mkuu wa Ununuzi – seva mpya iwe na kori 64, ili 63 zipumzike.
Mkaguzi wa Ndani – afungue mafaili yote, fanksheni aziache.