Ukitaka Kumleta Firauni Nyumbani

Anza kwa kukubali kwamba Firauni wa kale haji. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 iliyafanya mambo ya kale kuwa mali ya umma na ikapiga marufuku biashara yake. Kwa hiyo muuzaji wa Khan el-Khalili, soko kongwe la Cairo, akikunong'oneza kwamba kisanamu chake kimefukuliwa kaburini majuzi, ama anakudanganya, ama anakualika wizini. Vyovyote iwavyo, nenda zako.

Tafuta kisanamu kipya cha kito cha kweli. Feruzi yenye buluu kali isiyo na doa, tena kwa bei ya chai na andazi, aghalabu ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Omba ruhusa, chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, sugua chini ya kitako. Pamba ikitoka buluu, agana na mfalme huyo kwa heshima. Cha plastiki ni chepesi na hupata joto upesi kiganjani. Jiwe hubaki baridi.

Firauni wa lapisi lazuli mpokee kwa mikono miwili. Jiwe hili la buluu lenye chembe zinazomeremeta halikuchimbwa Misri: lilitoka milima ya Badakhshan, katika Afghanistan ya leo, likapita mikono mingi hadi bonde la Nile zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Feruzi ilitoka karibu zaidi, Sinai, na huko Serabit el-Khadim Wamisri walimjengea mungu wao wa kike, Hathor, hekalu wakamwita Bibi wa Feruzi. Mafundi wale walichonga bila vyuma vya leo. Waliusaga ugumu wa jiwe kwa mchanga, shaba na subira.

Kabla ya kutoa pesa, lizoeze jicho. Katika makumbusho ya Louvre, Paris, kuna mungu Osiris aliyechutama juu ya nguzo ya lapisi lazuli, miungu wenzake Isis na Horus wa dhahabu wakiwa ubavuni mwake. Kazi hiyo ina jina la Mfalme Osorkon wa Pili, na kimo chake ni kama sentimita 9 tu. Katika makumbusho ya Metropolitan, New York, kuna kipande cha uso wa malkia cha yaspi ya njano. Kilichobaki zaidi ni midomo, nayo inatosha kumsimamisha mtu. Ukishaiona, hutakubali kuuziwa Anubis, mungu wa mbweha, mwenye masikio ya sungura, wala Bastet, mungu wa paka, anayefanana na mbuzi.

Sasa omba kupunguziwa bei, lakini usimkamue fundi. Uliza nani amechonga na karakana iko wapi. Muuzaji anayejibu bila kubabaika mlipe vizuri, kisha dai risiti inayosema wazi kuwa hii ni kazi ya sasa, uwe nayo mkononi ukifika uwanja wa ndege.