Shangazi wa Vitabu: Theluji Haipandi Basi la Moshi

Barua za mwezi huu zimefurika, na karibu zote zinauliza jambo lilelile: nisome riwaya gani sikukuu hii? Watu ambao tangu Pasaka hawajafungua daftari lolote isipokuwa la madeni ya dukani, leo wanataka riwaya. Haya, tuanze kabla nauli hazijapanda.

*Shangazi, shikamoo. Naenda Marangu kwa basi la alfajiri. Riwaya zote za Krismasi nilizoziona zina theluji, moto wa kuni na binti wa mjini anayerudi kijijini kufungua duka la keki, akampenda fundi seremala. Mimi theluji sijawahi kuiona. Nisome nini? — Mpakata Mizigo, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Theluji hujaiona, nawe unakwenda kulala chini ya Kibo? Amka mapema wingu likiwa halijatanda, inua macho, kisha rudi tuzungumze.

Unahangaika kujua kitabu kina Krismasi kiasi gani, wakati ungejiuliza Krismasi yako imekibakishia kitabu nafasi gani. Piga hesabu. Hadi Segera utakuwa unasinzia. Korogwe machungwa yanaletwa dirishani na chenji haipo. Video ya basi itapigwa kwa sauti ya kuamsha maiti, na jirani yako wa kiti atamaliza ukurasa kabla yako, aanze kukuangalia kwa nini hugeuzi. Ukifika nyumbani, mchana ni kumenya ndizi za mtori na kuamkia wageni. Jioni ni mbege na kikao cha ukoo. Kwa ratiba hiyo, riwaya ya Kirusi yenye watu arobaini na kila mmoja ana majina matatu iache Dar. Beba kitabu ambacho hata ukikatizwa na shangazi wa kwenu (mimi simo) utakirudia bila kuuliza huyu nani tena.

Jaribu Hercule Poirot's Christmas ya Agatha Christie, iliyotoka 1938. Mzee Simeon Lee, tajiri mwenye roho ya korosho, anawaita wanawe nyumbani kwa Krismasi, pamoja na wale waliokosana naye kwa miaka. Wakiwa wamekusanyika wanamsikia akimpigia simu wakili wake habari za kubadili wosia. Usiku wa mkesha anakutwa ameuawa chumbani, mlango umefungwa. Fundi seremala hamo. Wamo ndugu, mali na maneno ya chini kwa chini. Niambie kama hicho si kikao cha ukoo wenu, ukiondoa damu. Na damu yenyewe imemwagwa kwa makusudi: Christie alimtungia kitabu hicho shemeji yake, James, aliyekuwa akilalamika kwamba mauaji ya riwaya zake yamezidi ustaarabu. Shemeji ni shemeji, hata Uingereza. Angalizo moja tu: usikifungue sebuleni baba mkubwa akiwa anazungumzia mipaka ya kihamba.

Kama Kiingereza kinakuchosha safarini, mpelelezi Bwana Msa yupo na kiko chake. Muhammed Said Abdulla alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mpaka leo sijachoka kumsikiliza yule bwana akimchambua mtu kwa maswali ya upole. Krismasi haimo hata chembe. Hutaikosa, utakuwa nayo ya kutosha kwenye kiti cha nyuma, pamoja na kuku wake.

*Shangazi, mume wangu amenunua A Christmas Carol na kusema kila mwenye akili huisoma Desemba. Nina pacha wa mwaka mmoja. Nitaiweza? — Mama Pacha, Nakuru*

Utaiweza, Mama Pacha. Ni kijitabu chembamba chenye sehemu tano tu. Pacha wakilala, soma sehemu moja. Jioni ya tano Scrooge, yule bahili, atakuwa ameshatubu na wewe umeshalala.

Ila kabla hujaanza, kuna mambo ya fedha ambayo huenda mumeo hakuyasoma. Charles Dickens alikiandika kwa wiki kama sita, kikatoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za mwanzo zilikwisha kabla ya Krismasi. Ungedhani alitajirika. Alitaka jalada jekundu, nakshi za dhahabu na picha zilizopakwa rangi kwa mkono, gharama zikala faida. Alitazamia pauni 1,000, nakala zile zikamletea 230. Bei ya kitabu ilikuwa shilingi tano. Humo ndani Bob Cratchit, karani wa Scrooge, analipwa shilingi 15 kwa wiki, na tajiri wake ananung'unika kumlipa siku ya Krismasi ambayo hakufanya kazi. Yaani Bob angetaka kusoma habari zake mwenyewe, angetoa theluthi ya mshahara wa wiki.

Sasa muulize mumeo, kwa upole, dada wa kazi anakwenda kwao lini, na siku hizo atalipwa?

*Shangazi, mimi Muislamu. Jirani yangu huniletea pilau kila Krismasi, nami Idi humpelekea sahani. Mwaka huu nataka kumpa riwaya. Nisije nikamkosea. — Jirani wa Ukuta Mmoja, Tanga*

Humkosei. Mpe Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ameitia Kiswahilini, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Ni habari za kijana Yusuf, anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu baba mtu ana deni lisilolipika. Nyuma yake kuna kisa cha Nabii Yusuf, ambacho wewe umekisoma kwenye sura yake na jirani yako kwenye kitabu cha Mwanzo, kwa hiyo mtapata la kubishania ukutani mpaka Idi. Sikufichi, si hadithi ya kuchekesha. Lakini aliyekwambia sikukuu ni lazima kusoma vya kuchekesha hajawahi kukaa na wageni siku nne.

*Shangazi, baba mkwe ni katekista. Nimempatia zawadi safi: riwaya ya Rosa Mistika. Jina lenyewe la Bikira Maria! Nimeshaifunga kwa karatasi ya kumetameta. — Mkwe Mpya, Bukoba*

Fungua hiyo karatasi upesi! Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, inamhusu binti wa Ukerewe anayelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akatishwa asiwasogelee wanaume, halafu anapotoka nje ya uangalizi wake mambo yanaharibika ukurasa hadi ukurasa. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Ni riwaya nzuri kuliko nyingi za siku hizi, na baba mkwe ndiye hasa angefaa kuisoma, lakini si kutoka mikononi mwako, na si mwaka wa kwanza wa ndoa.

Yeye mnunulie shati. Rosa Mistika jisomee mwenyewe jikoni, jalada ukiwa umelizungushia gazeti.