Harusi Haina Mistari Ishirini

Aliyetengeneza ile programu ya simu ya kutoa orodha za michango hajawahi kuwa katibu wa kamati ya harusi. Naapa. Angekuwa katibu hata juma moja, asingeniwekea jedwali la mistari ishirini, kisha aniachie mimi kazi ya kumweleza muuza maandazi kwamba yeye ni wa ishirini na moja, kwa hiyo karatasi haimtambui.

Huku kwetu Wampembe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, orodha ya michango haina mwisho unaojulikana. Inaanzia kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja anaandika jina lake, wa pili anakopi, anaongeza la kwake, anapesti. Wawili wakikopi kwa wakati mmoja, namba 14 inakuwa ya watu wawili na kila mmoja kamfuta mwenzake. Asubuhi katibu unaamkia orodha tatu za harusi moja, na simu ya shemeji anayedai kafutwa makusudi kwa sababu ya yale mambo ya mwaka juzi. Mtandao ukitulia zinaingia ahadi za walioko Namanyere na Sumbawanga, halafu za wavuvi waliokesha ziwani. Hata bibi harusi akishafika kwa mumewe, bado yupo anayesema, "Katibu, niandike, nitatoa."

Mwenyekiti wetu akasema tuwe wa kisasa. "Katibu, tunataka PDF, kitu safi chenye jedwali." Nikapakua programu, nikaingiza majina. Ishirini ya kwanza yakatoka yamenyooka, yamezungushiwa fremu ya buluu. Kuanzia wa ishirini na moja, wametokomea. Hakuna onyo wala samahani. Na jumla pale chini ni ya fedha za hao ishirini tu, kana kwamba za wengine nimezinywea. Hebu simama mbele ya kamati na karatasi ya namna hiyo.

Usidhani watu wakiwa wachache ndiyo nafuu. Ziwa lilipofungwa lipumzike uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mifuko ilikauka na orodha ikawa fupi. Programu ikatoa mistari yake ishirini vilevile, mingi mitupu. Tukaibandika ukutani. Kesho yake mistari mitupu yote ilikuwa imejaa kwa kalamu, majina na "amelipa" pembeni, mwandiko wa mtu mmoja.

Na kile kisanduku cha kiasi! Kinakubali tarakimu tu. Mtu katoa debe la dagaa, mwingine gunia la mahindi kutoka kule juu Ufipa, mwingine mbuzi. Ukiandika "mbuzi", simu inajibu: kiasi si sahihi. Si sahihi vipi, na mbuzi mwenyewe kasimama pale anatafuna kanga za watu? Ukiandika 1, jumla inaongezeka shilingi moja, na mwenye mbuzi anajua kusoma.

Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilipokuwa ikisimama hapa, mitumbwi ilikuwa ikiifuata majini na watu, magunia na kuku. Sijasikia nahodha akisema meli ni ya ishirini wa kwanza.

Kijana wa stesheneri Namanyere ndiye aliyenifungua macho. "Mzee, tatizo ni kiolezo. Huyu kahesabu mistari kabla ya kuona watu." Anasema unachora mstari mmoja tu wa mfano, halafu unaiamuru programu iurudie kwa kila jina lililopo. Majina matatu, mistari mitatu. Majina mia, mistari mia. A4 ina urefu wa milimita 297 na haivutiki, kwa hiyo ikijaa, ukurasa mwingine ufunguke na vichwa vya jedwali vijirudie juu, anayesoma ukurasa wa tatu asije akachukua ahadi akadhani ni malipo. Jina refu lishuke chini, lisikatwe. Jumla isubiri mpaka jina la mwisho lipite.

Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini kaunta buku langu limekuwa likifanya hayo yote bila kuchajiwa: ukurasa ukijaa, unahamishia jumla upande wa pili, unaendelea.

Basi, akaniundia kiolezo chake. Harusi iliyofuata orodha ikatoka nzima, kurasa saba, kila mtu yumo, na mbuzi wana safu yao ya vitu. Mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili, akasifu fremu, akauliza bei ya kuprinti. Nikamwambia wanatoza kwa ukurasa. Akazipekua tena zile kurasa, taratibu, moja moja.

"Katibu," akasema, "hawa wachangiaji hawawezi kupungua kidogo?"