Namna ya Kukarabati Nyumba Msimu wa Ligi Ukiwa Mzee wa Kanisa

Mwongozo huu ni wa mwanaume wa Dar es Salaam mwenye ndoa ya kanisani, watoto wanaosoma, nyumba isiyokwisha huko Goba au Chanika, zamu ya kukusanya sadaka, na kadi ya uanachama wa Simba au Yanga. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, hongera, endelea na maisha yako. Kama unavyo vyote, umeshaona kwamba Jumapili ina saa 24 tu na kila mwenye haki juu yako amezipigia hesabu zote.

Usianze na fundi. Anza na karatasi tatu mezani: kalenda ya kanisa, ratiba ya ligi na majira ya mvua. Ya kwanza haina shida. Pasaka ya miaka kumi ijayo inajulikana leo. Mvua nazo zina adabu ya kutosha, masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, zikichelewa hazikosi kufika. Ya kuogopwa ni ratiba ya ligi. Hiyo iandike kwa penseli. Tarehe 8 Machi 2025 watu walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani, wake wameshaombwa, jezi zimeshapigwa pasi, dabi ya Simba na Yanga ikaahirishwa siku ileile. Ilikuja kuchezwa 25 Juni, Jumatano, Yanga wakashinda 2-0. Katikati hapo kuna wanaume waliojikuta na Jumamosi nzima tupu, ruhusa mkononi, ngazi imeegemea ukutani na mke akiitazama. Kwa hiyo kanuni ya mapema kabisa: siku ya mechi kubwa, ngazi ifichwe.

Ukizisoma karatasi hizo tatu pamoja utaona jambo la kufurahisha. Kuezua bati kunataka kiangazi, yaani Juni hadi Septemba, na ligi hufungwa humohumo katikati. Mwezi wa Julai hauna mvua, hauna mechi, hauna Kwaresima. Mtu asiyejua mpira angesema Mungu mwenyewe ameuweka kwa ajili ya mapaa. Mtu anayejua mpira anajua kwamba Julai ndiyo usajili. Nani anaondoka, nani anakuja, nani ameonekana uwanja wa ndege akiwa na kofia usoni; kazi hiyo haifanyiki juu ya paa, inataka simu yenye chaji na kivuli. Usajili ukitulia, Simba Day imefika, na Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi. Halafu ligi inaanza na lazima uone kama yule mshambuliaji mpya anajua mpira au anajua kupiga picha tu. Bati zinaezuliwa mwisho wa Septemba. Ukipita mitaani Novemba na kukuta ndoo katikati ya sebule, usiulize pale wanashabikia nini. Wanashabikia.

Sasa Jumapili. Ukiangalia historia, dabi ya Kariakoo ina tabia ya kuipenda siku hiyo. Yanga walipompiga Simba 5-1, tarehe 5 Novemba 2023, ilikuwa Jumapili. (Wa upande wa pili msifunge gazeti, za kwenu zinakuja.) Simba walipomfunga Yanga 5-0, tarehe 6 Mei 2012, ilikuwa Jumapili. Na 20 Oktoba 2013, Yanga wakiongoza 3-0 mapumziko na mashabiki wa Simba wakianza kutoka uwanjani kuwahi daladala, mechi ikaisha 3-3, Jumapili vilevile. Wale waliotoka mapumziko mpaka leo hawajawaeleza wake zao kwa nini walirudi nyumbani mapema na hasira.

Dawa ya Jumapili ni ibada ya kwanza. Ya saa 1 asubuhi. Ukiwa mzee wa kanisa utaonekana umeamka na bidii, mchungaji atakusifu, na ifikapo saa 4 umemaliza. Kimahesabu. Mahesabu hayo hayajaweka matangazo, wageni kusimama na kujitambulisha, kwaya ya vijana iliyoomba wimbo mmoja ikaimba mitatu, na mnada wa sadaka nje ya kanisa. Mnada usiukimbie. Nunua jogoo, hata kama bei imepandishwa kwa utukufu wa Bwana. Mwanaume anayeingia nyumbani na jogoo saa 5 asubuhi anaweza kuomba chochote hadi saa 12 jioni. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na nina hakika siku ya dabi vingi kati yake vimelipiwa kwa namna hiyo.

Kuhusu kuiombea timu, wanateolojia wa benchi la nyuma hawajakubaliana. Ukipiga magoti kuomba bao, jirani yako kwenye benchi lilelile anaomba golikipa wake adake. Mimi nashauri kuomba mambo ambayo hata mpinzani hawezi kuyapinga hadharani, kwa mfano mwamuzi apewe macho. Ya waganga waachie wenyewe. Timu zetu zimewahi kupigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja, na wewe mzee wa kanisa usionekane ukizitetea. Sema tu kwamba mlango ule ulikuwa na msongamano. Mchungaji ni wa timu gani, usiulize. Msikilize tu mahubiri ya Jumapili inayofuata. Yakiwa juu ya unyenyekevu, amefungwa.

Tufike kwa fundi, maana hapo ndipo ndoa, imani na ushabiki vyote hupimwa.

Watu hutafuta fundi kwa kuangalia bei, wengine kwa kuangalia kazi aliyofanya kwa jirani. Yote ni mazuri, lakini swali la kwanza liwe timu. Fundi wa timu yako ni mtego. Mtaongea vizuri mno. Siku ya mechi wote wawili hampo kazini, na tiketi yake umelipa wewe, ikaandikwa kwenye daftari kama misumari. Fundi wa timu pinzani ana faida moja ambayo hakuna mkataba unaoweza kuiandika. Timu yake ikifungwa, simu haipatikani siku mbili, nawe unapumzika. Timu yake ikishinda, Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi yuko getini, kavaa jezi, kamleta na saidia fundi wake, kwa sababu anataka kukuona uso.

"Shikamoo bosi! Umelalaje?"

Usijibu kwa hasira. Mpeleke bafuni. Ile kazi ya vigae ambayo ameikwepa tangu Pasaka ataimaliza siku hiyo akiimba. Kwa kweli mtu mwenye nidhamu angeweza kuipanga nyumba yake yote kufuatana na vipigo vya timu yake: jiko msimu huu, choo cha wageni msimu ujao, na timu ikiwa mbovu sana, ghorofa.

Mambo ya kiufundi ni machache na yanajulikana, ila huwa tunayasahau tarehe za mechi. Vigae nunua zaidi ya kipimo, karibu asilimia kumi, kwa sababu vitavunjika, na ukirudi dukani mwezi ujao utaambiwa rangi ile haiji tena. Lipu mpya imwagiliwe maji siku saba isipasuke. Kazi hii hupewa watoto, na siku ya dabi huachiwa mvua. Usiipake rangi kabla haijakauka vizuri, iache kama mwezi, la sivyo rangi itafura na kubanduka. Na zege au udongo wa saruji usikorogwe saa 9 alasiri kama mpira ni saa 10 au 11. Saruji ikishaonja maji haina mapumziko. Ukirudi kutoka kibandaumiza utakuta karai limekuwa jiwe na koleo limesimama humo wima, na fundi maiko wako atakuambia hilo linaweza kutumika kama kiti.

Rangi ya sebule ina kurasa zake kwa sababu, kama nyumba nyingi za mjini hapa, mama watoto ni wa upande wa pili. Nyekundu haiwezekani. Kijani haiwezekani, wala njano. Nyeupe ingeonekana salama, lakini atakukumbusha kwamba jezi ya Simba ina nyeupe, na usijifanye hukujua. Bluu ni ya Azam, na hatukuchukua mkopo wa kikoba ili kumfurahisha Azam. Zambarau mama mkwe alisema inamfanya ajisikie Kwaresima. Hapo ndipo wengi hufikia kijivu, wakaitana na kupeana mkono, na fundi rangi akauliza kwa upole: kijivu ya namna gani, kama hii ya lipu yenyewe? Hivyo ndivyo nyumba nyingi hubaki bila rangi miaka mitano, kwa makubaliano ya pande zote.

Nimetaja kikoba. Fedha za ukarabati hutoka kwa mama watoto kupitia kikoba chake, kwa hiyo hata kama jina lililo kwenye hati ya kiwanja ni lako, kwenye maamuzi ya jikoni wewe ni saidia fundi. Likubali hili mapema, lina heshima yake. Usimwambie bei ya jezi mpya. Ukibanwa, itaje pamoja na kitu kingine: "Jezi na bawaba za milango." Atazihesabu bawaba.

Hatari zaidi ni kanisani. Mzee wa kanisa mwenye nyumba inayojengwa huwa pia, kwa sababu zisizoelezeka, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Bahasha yako inajulikana namba, ahadi yako ya mifuko ya saruji imesomwa mbele ya watu. Hapa sina utani: gari la kanisa na gari lako yasishushe saruji wiki moja. Hata ukiwa mwaminifu kama Danieli, watu wana macho na mifuko yote ya kilo 50 inafanana. Tunza risiti. Zitundike sebuleni, pale ambapo rangi ingekuwa.

Watoto watakwenda na timu ya mama yao, usipoteze nguvu. Kipaimara cha mtoto kikiangukia siku ya mechi, unakwenda kwenye kipaimara, na simu inabaki mfukoni mpaka keki ikatwe. Lakini vikao vya harusi vya ukoo unaweza kuvipigania. Omba uwe katibu wa kamati. Katibu ndiye anayependekeza tarehe, na hakuna shemeji atakayegundua kwamba send-off ya mdogo wake imekwepa Jumamosi zote za mechi za nyumbani. Tatizo ni viporo. Mechi iliyosogezwa inaweza kuangukia siku ya send-off yenyewe, na wewe ndiye uliyeichagua.

Kazi ya mwisho ni chumba cha wageni. Kiwe na kila kitu isipokuwa dari. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na ukoo mzima umeshapiga ramani kujua nani anakaa karibu na uwanja. Shemeji wa Mwanza amesema anakuja na rafiki zake. Mama mkwe naye ameulizia. Mwambie kwa unyenyekevu, "Mama, chumba bado, dari la jipsamu halijawekwa." Akikujibu kwamba yeye haji kutazama dari, anakuja kutazama mpira, na godoro anakuja nalo, mpigie fundi usiku huohuo. Kama simu yake haipatikani, angalia matokeo.