Jini Mahaba wa Hiraeth

Umeme ukikatika hapa Tanga usiku wa masika, shangazi hutaka hadithi. Safari hii mkononi nilikuwa na A Study in Drowning, riwaya ya Ava Reid iliyotoka mwaka 2023, nikamsimulia kwa mwanga wa simu. Effy anasomea usanifu majengo Llyr, nchi ya kubuni ambako chuo cha fasihi hakipokei wanawake. Tangu utotoni anaandamwa na mfalme wa majini wa huko, anayemtaka awe mkewe.

"Huyo ana jini mahaba," shangazi akakata shauri. "Kwao hakuna shehe?"

Nikamwambia kwao kinga ni chuma. Hilo akalikubali, kwetu pia kichanga huwekewa kisu chini ya mto.

Ikaja zamu ya Preston wa fasihi, ambaye Effy alimchukia hata kabla ya kumwona, kwa kuwa aliazima vitabu vyote vya maktaba kuhusu marehemu mwandishi Emrys Myrddin. Hapo nilimwelewa Effy kabisa. Chuoni kwetu nakala ya kitabu nilichokihitaji ilikuwa moja, na kila nikifika dirishani naambiwa kaichukua yule yule mwenye miwani. Sijamsamehe mpaka leo. Waandishi wa riwaya za mapenzi hudai chuki ya namna hiyo huiva ikawa penzi. Yetu iliiva ikawa chuki iliyokomaa.

Preston anataka kuthibitisha kwamba Myrddin hakukiandika kitabu kilichompa jina.

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Basi," akasema shangazi, akajifunika khanga.

Nikafunga kitabu kwa hasira. Zilibaki robo tatu za riwaya.

Kesho yake fundi akaja kubadilisha mabati. Shangazi, toka uani, akampigia kelele habari za kasri la Hiraeth lililo ukingoni mwa jabali, linalomeguka likiangukia baharini, na Effy aliyeitwa kulichorea ramani mpya. Nyundo ikanyamaza. Msingi ulioliwa na chumvi hautibiki, fundi akasema. Binti achukue malipo ya awali arudi chuoni. Kweli kabisa: nusu ya vitisho vya riwaya hii vingeisha kwa ziara ya fundi mmoja mwaminifu.

Kisha akashuka kuuliza kama Preston ameshaleta posa. Akaambiwa bado wanabishana juu ya ushahidi. Akavuta kigoda, akaletewa chai. Mvua ikashuka, mabati mawili yakiwa yamefunuliwa juu ya chumba changu na kitabu kiko kitandani.

Shangazi akaniambia nisijali, mwisho wake atanisimulia yeye.